Uzi Usio Wangu

Nilimjua kwa pikipiki yake. Ngaremara pikipiki ni nyingi, zinapita kwa lami mchana kutwa na magunia ya makaa, lakini ile ya Mwongera ilikuwa na kikohozi chake kabla ya kuzimika. Moyo wangu ukaruka. Halafu nikaukasirikia huo moyo, maana tulikuwa tumeshaongea mimi nao, tukakubaliana huyu mtu tumemalizana naye. Kumbe naongea na kiziwi.

Wacha nieleze haraka, kwa sababu alikuwa bado anaisukuma pikipiki kwenye kivuli cha mgunga, na mimi nilikuwa nimeinama na ungo wa unga mkononi kama mtu ambaye hajasikia kitu.

Mwongera ni Mmeru wa kule juu, Timau, kunakofugwa kondoo wa sufu. Kondoo wetu wa huku wana nywele fupi tu, huwezi kusokota hata kamba ya kufungia kuku. Yeye huleta sufu kwa magunia. Sisi kina mama tunaichambua, tunaiosha, tunaisokota kwa mkono na kuitia rangi ya magome. Halafu anachukua uzi, anaupeleka kwa karakana yake Bulla Pesa, mjini Isiolo, wafumaji wafume mablanketi na mazulia ya mahoteli ya wageni. Ili uzi usichanganyike, kila mama hufunga alama yake mwanzo wa donge. Florence hufunga kifungo cha shati. Mama Erot hufunga kitambaa chekundu. Mimi hufunga ushanga mmoja wa buluu, kutoka kwa zile shanga nilizovua shingoni siku tulipomzika Lodio.

Lodio alikuwa mume wangu. Lori lilianguka naye njia ya Marsabit, mtoto wetu Nakolong akiwa bado anatambaa.

Sikutafuta mwanaume mwingine. Naapa. Mwongera alikuja kununua uzi, akanunua uzi, akaenda zake. Muda mrefu sana aliniita Mama Nakolong kwa heshima zote. Siku moja, tukiwa tunapima rangi kwenye jua, akaniita Akiru. Hakuna kilichotokea. Mbuzi waliendelea kula, watu waliendelea na maneno yao. Lakini uzi ulinianguka mkononi, na yeye akainama kuuokota, na tuliponyanyua macho pamoja kila mmoja akajua kwamba mwenzake amejua.

Basi hapo ndipo ukoo nao ukajua. Kaka mkubwa wa Lodio, Lomorukai, mwenye wake wawili tayari, akasema wakati wa kunirithi umefika. Kesho ya siku hii ninayoeleza wazee walikuwa wakae, mbuzi achinjwe, na mimi niwe mke wake wa tatu. Sitaki mtu afikiri nilifungwa kamba. Waliniambia vizuri kabisa: ukitaka kwenda, nenda, hakuna aliyekushika. Lakini ng'ombe tuliompa baba yako ndio waliomleta huyo mtoto. Nakolong anabaki.

Nikaamua. Mama gani angeamua tofauti? Nikachomeka kijiti changu cha kusokotea kwenye makuti ya paa, nikamdanganya mama mkwe kwamba kidole kinauma, nikaacha uzi kabisa. Nilifikiri Mwongera akipokea mzigo wa Ngaremara na akose ushanga wa buluu, ataelewa mwenyewe. Mwanaume mwenye akili huelewa.

Sasa mwanaume mwenye akili alikuwa amesimama mbele yangu, vumbi mpaka kwenye kope.

"Habari ya hapa?"

"Nzuri."

"Mama yuko?"

"Amelala huko kwake na mtoto. Kifua kinamsumbua." Nikaendelea kutikisa ungo. "Kina mama wengine wako kwa bomba la maji. Kama ni uzi, ulishapelekewa juzi."

"Nilipelekewa."

Akachuchumaa ili tulingane macho. Hiyo tabia yake ndiyo iliyonimaliza toka mwanzo. Wanaume wa hapa huongea na wewe wakiwa wima, umeinama, wanaongea na mgongo wako. Yeye huchuchumaa.

Akaingiza mkono ndani ya jaketi, akatoa donge la uzi, akaliweka juu ya unga wangu.

"Huu nani amesokota?"

Nikauangalia. Ushanga wa buluu ulikuwa pale, umefungwa fundo langu, fundo la mara mbili. Nikahisi baridi katikati ya jua lile la Isiolo. Mimi sikuwa nimegusa sufu tangu mwezi uliopita.

"Ni mimi," nikasema. Ningesema nini? Nikikataa, ataniuliza kwa nini nimeacha.

"Akiru."

"Si unaona ushanga?"

"Ushanga nauona. Mkono siuoni." Akavuta uzi kidogo, akaulegeza mbele ya macho yangu. Ukajikunja wenyewe, ukajipinda kama umechapwa. "Fundi aliutia kwenye mtambo, ukamjikunjia hivi mpaka akaja kuniita. Uzi wako wewe unalala. Ukiuachia, unalala. Huu umekazwa na mtu ambaye meno yake yameumana. Nimekaa nao usiku, asubuhi nikakaa nao tena. Nikasema, ama anaumwa, ama ana hasira na mimi, ama si yeye. Kazi imenishinda."

"Ukaacha mafundi kwa sababu ya donge la uzi?"

"Nimewaacha kwa sababu yako."

Jamani! Mtu anakwambia neno kama hilo mchana kweupe, una unga mpaka kwenye viwiko, kesho yake unaolewa na mwingine. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga na ule ungo. Badala yake nikasema lile neno, nilitoe kinywani liishe.

"Kesho narithiwa na Lomorukai."

Mwongera alivua kofia yake ya pikipiki, akaiweka chini polepole, kama ni yai. Nikaona alama nyekundu iliyobaki kwenye paji la uso wake, na nikatamani kuigusa kwa kidole, na nikaficha mkono wangu ndani ya unga.

"Yule aliyenifukuza na fimbo mwezi uliopita?"

"Ana jina lake. Na ni kaka ya Lodio."

"Unampenda?"

"Hilo swali la wapi? Nampenda Nakolong."

"Basi twende na Nakolong." Akanisogelea. "Leo. Sasa hivi. Nitamfunga mbele yangu na shuka, wewe ukae nyuma. Kabla jua halijaanza kushuka tuko Bulla Pesa. Nina chumba, Akiru. Si kikubwa, lakini nimekipaka rangi. Nilikipaka nikikuwaza wewe, mafundi wakawa wananicheka."

"Niibe mtoto?"

"Ni mtoto wako!"

"Teremsha sauti. Ni mtoto wa Lodio. Nikikimbia naye leo, kesho watakuja nyuma yangu, si na fimbo moja. Na siku Nakolong atakapokuwa mkubwa aulize baba yake alitoka wapi, nitamwonyesha nini? Chumba kilichopakwa rangi?"

Nikajua nimemuumiza, na kwa sababu nilikuwa naumia mimi pia, sikusimama hapo. Nina mdomo, nikikasirika hauna breki.

"Na mama yako? Ulimwambia?"

Akaangalia viatu vyake.

"Mwongera. Ulimwambia ama hukumwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasema?"

"Wacha hayo."

"Nimekuuliza akasema nini."

Alivuta pumzi. "Alisema mjane, sawa, hata yeye ni mjane. Alisema Mturkana, basi, mtazoeana. Lakini mtoto wa mwanaume mwingine kwa boma lake, hapana. Alisema mtoto abaki kwa wenyewe."

Nikacheka, kicheko kibaya kilichotoka kwa pua. "Umeona? Mama yako na Lomorukai hawajawahi kuonana, na wameongea neno moja. Mtoto abaki. Mimi nigawanywe kama mbuzi, mguu huku, mguu huku."

"Mimi sikusema hivyo. Mimi nilimwambia nawataka wote wawili, na kama hataki, sitaoa. Hatujaongea naye toka siku hiyo." Macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani lilikuwa vumbi. "Niambie nifanye nini. Chochote. Niambie nimwendee Lomorukai nimpigie magoti, nitaenda."

"Nenda nyumbani."

"Akiru..."

"Nenda nyumbani, Mwongera. Nimeshachagua. Usinifanye nichague mara ya pili, mara ya kwanza ilinitosha."

Ndege walikuwa wanapiga kelele kwenye mgunga. Malori yalipita kwa lami, moja, jingine, yakielekea kaskazini. Sijawahi kumwangalia mtu hivyo, wala sijawahi kuangaliwa hivyo. Nilimwangalia masikio, nilimwangalia ile nywele moja nyeupe juu ya sikio, nikajaribu kuviweka vyote mahali ambapo Lomorukai hatafika.

Mwishowe akasema, na sauti yake haikuwa na nguvu, "Nitaenda. Lakini nisokotee kidogo kwanza. Hata urefu wa mkono. Nibaki nao."

Nikainuka, nikachomoa kijiti changu kwenye paa. Kulikuwa na sufu kidogo bado imeshikilia pale mwisho. Nikakaa, nikakizungusha juu ya paja langu kama nilivyokizungusha miaka yote. Uzi ukakatika. Nikaunga, nikazungusha. Ukakatika tena. Mikono ilikuwa inanitetemeka kiasi kwamba hata mtoto mdogo angesokota vizuri kuliko mimi. Nikakiweka chini.

"Siwezi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akaokota kofia yake, akainuka, akageuka. Na mimi nikauma mdomo nisimwite.

"Kaa chini, Mmeru."

Sauti ilitoka kwenye nyumba ya pili. Mama mkwe wangu, Akuam, alikuwa amesimama mlangoni, shuka limemteleza begani, Nakolong amemshika kidole akiwa bado na usingizi. Ni mwanamke mwembamba, mgumu, mwenye maneno machache na tumbaku nyingi. Sikumbuki kama amewahi kunisifu. Nilijua ametusikia, na nilijua mwanawe ni Lomorukai kama vile Lodio alivyokuwa mwanawe.

Mwongera akakaa. Ungekuwa wewe ungekaa.

Akuam akaja polepole, akiburuta miguu, akakaa kwenye kigoda chake. Akalitazama lile donge juu ya unga.

"Huo uzi ni wangu," akasema.

"Mama?" Sikuelewa. "Na ushanga?"

"Niliutoa kwa kikopo chako cha shanga. Fundo nalijua, mimi ndiye nilikufundisha." Akatema tumbaku pembeni. "Ulinidanganya eti kidole. Mimi sijawahi kuona mtu akikamua, akifua, akibeba maji, akikata kuni, halafu kidole kimuume kwa uzi peke yake. Nikajua umemwachia huyu njia ya kukusahau. Nikasema, wacha nione."

"Uone nini?"

Akamgeukia Mwongera. "Nione kama unanunua uzi ama unamjua aliyeusokota. Ungeupokea huo ukanyamaza, ningekunywa chai yangu, kesho nile mbuzi wa mwanangu, mambo yaishe. Sikupendi sana, nikwambie ukweli. Unachuchumaa-chuchumaa mbele ya wanawake kama kuku anayetaga."

"Masista wa misheni ndio walitufundisha sufu," Akuam akaendelea, lakini sasa hakuwa anaongea na yeyote kati yetu. "Zamani, kabla hamjazaliwa. Kila siku sista alikuwa ananirudishia uzi. Akuam, umekaza sana. Akuam, legeza. Nilikuwa nalegeza vipi? Baba ya Lomorukai alikuwa amekufa mwaka huo. Walikaa wazee, hapo hapo penye mgunga, wakanipa ndugu yake. Asubuhi nilikuwa mjane, jioni nilikuwa mke. Nilinyamaza. Lodio nilimzaa huko huko kwenye kunyamaza. Hakuwa mtu mbaya, yule mume wa pili. Hakunipiga. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza." Akashika lile donge, akalibonyeza na kidole gumba chake chenye nyufa. "Mkono wangu haujawahi kulegea tena. Huyu Mmeru ameujua kwa siku mbili. Mume wangu alilala kando yangu mpaka akafa, hakuujua."

Machozi niliyoapa kuyazuia yalishuka, na sikuyafuta. Nakolong alikuja akanikalia mapajani, akaanza kuchezea unga.

"Mama," nikasema, "lakini mtoto..."

"Ngoja. Nitafika kwa mtoto." Akanikazia macho. Ana macho makavu, yasiyopepesa. "Kwanza nikuulize. Sikuulizi kama mkwe. Nakuuliza vile nilitaka kuulizwa. Wewe, Akiru, unataka nini?"

Msomaji, usinicheke. Nimeolewa, nimezaa, nimezika, nimepangiwa mume mwingine, na swali hilo lilikuwa geni masikioni mwangu. Nilimwangalia Mwongera, akainamisha kichwa asinisaidie. Alifanya vizuri. Niliangalia nywele za mtoto wangu, zile nywele za Lodio.

"Namtaka Nakolong," nikasema. Halafu nikasema na lile jingine, kwa sauti, ili hata majirani wakisikia wasikie. "Na namtaka huyu. Nampenda, mama. Nawataka wote wawili, na sitaki kukatwa."

Mwongera alijifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yake yalitikisika.

Akuam akalirudisha shuka lake begani. Alipoongea, alikuwa tena yule yule mkavu wa kila siku.

"Nakolong ni wa Lodio. Ataitwa wa Lodio mpaka azeeke, na mtu akibadilisha hilo jina nitamlaani nikiwa ndani ya udongo."

"Sitalibadilisha, mama," Mwongera akasema.

"Sijamaliza. Wanasema ng'ombe, ng'ombe. Hao ng'ombe mimi ndiye nilikuwa nawakamua. Lodio ametoka tumboni humu, na Lomorukai ametoka tumboni humu humu. Mtoto ni wa nyumba yangu, na nyumba yangu bado haijaanguka. Atalala kwangu, atalala kwa mama yake. Bulla Pesa ni mbali? Nilikwenda huko kwa miguu nikiwa na mimba." Akakohoa, akasubiri kifua kitulie. "Kesho nitawaambia hivyo. Lomorukai atakasirika. Ni mwanangu na nampenda, na kesho atanichukia. Labda hatakanyaga kwangu tena."

Nilimwona hapo, nikaelewa ni nini anaweka chini kwa ajili yangu. Alikuwa na wana wawili. Mmoja tulimzika. Sasa anaenda kusimama mbele ya yule aliyebaki.

"Mama, usifanye hivyo," nikasema.

"Umeshajibu swali. Halirudishwi." Akamgeukia Mwongera, akamtupia lile donge, naye akalidaka. "Na wewe. Kesho usije hapa peke yako na pikipiki kama mtu anayenunua mayai. Kuja na mama yako."

"Hatakubali, mama. Hatuongei naye."

"Ni mjane?"

"Ndiyo."

"Nani alimuuliza yeye anataka nini, baba yako alipokufa?"

Mwongera alifikiri. Nilimwona akirudi nyuma, akitafuta, na akikosa. "Hakuna," akasema polepole.

"Mpelekee huo uzi. Usimhubirie. Mwekee tu mkononi, auvute na aulegeze, uone kama hataujua. Halafu muulize. Akikataa baada ya hapo, amekataa, na sisi tutajua hatuna wewe." Akapunga mkono. "Nenda sasa. Jua linasogea, na unanimalizia kivuli."

Akainuka. Mbele ya mama mkwe hakunigusa, hakuniaga hata kwa mkono. Alichuchumaa tu tena, tulingane macho, na akakaa hapo kidogo.

"Nitakuja naye," akasema.

"Na akikataa?"

"Nitampigia magoti yale niliyotaka kumpigia Lomorukai."

Pikipiki ilikohoa, ikashika njia ya mjini, na mimi nilisikiliza mpaka lori likaimeza sauti yake. Kesho ilikuwa bado haijafika na ilikuwa na mengi. Pengine mama yake asije. Pengine Lomorukai awageuze wazee wote. Niliogopa. Lakini lile neno nilikuwa nimeshalisema, na hewa yote ya hapo ilikuwa imelisikia.

"Chukua kijiti," Akuam akasema. "Utakaa hapo unalia mpaka unga uwe ugali?"

Nikachukua. Nikatoa sufu mpya guniani, nikaichambua, nikaanza. Uzi ukajikaza, ukajipinda. Nikaogopa utakatika tena. Hapo nikahisi mkono wake mkavu umekuja juu ya wangu, mkono ambao haujawahi kunigusa tangu siku ya mazishi, na hakuuondoa.

"Legeza," akasema mama mkwe wangu. "Legeza, mwanangu. Legeza."